Sifa za Viporo

Kiporo cha mradi wa programu huria ni ripoti ya hitilafu, au ombi la nyongeza, iliyoandikwa na mtumiaji ikalala bila kushughulikiwa. Kimoja ni aibu ndogo. Vikifika elfu tatu ni utajiri. Programu isiyotumiwa na mtu hailalamikiwi.

Kiporo hakibagui. Mradi wa Debian hupanga ripoti kwa madaraja, kuanzia hitilafu inayoangusha mfumo mzima hadi matamanio tu, lakini usiku ukiingia zote hulala mkeka mmoja: aliyepoteza mafaili ya mwaka, ubavuni mwa asiyependa rangi ya kitufe.

Kiporo pia hufundisha, na mwalimu mkuu ni ripoti namba 323 ya GCC, kompaila inayogeuza msimbo kuwa programu. Iliandikwa mwaka 2000: hesabu za desimali zilitoa majibu mengine kompaila ilipoombwa kuharakisha programu. Chanzo ni kikokotozi cha prosesa za zamani za Intel, ambacho hushika namba kwa biti 80, nayo ikipelekwa kwenye kumbukumbu hukatwa ikabaki na 64. Ripoti zaidi ya 100 zimeunganishwa na hiyo, kila mwandishi akiamini ndiye mgunduzi, na kila mmoja akaonyeshwa foleni ya waliomtangulia. Vyuo vichache vimesomesha wengi hivyo bila ada.

Subira nayo ina malipo. Hitilafu namba 1 ya mfumo wa Ubuntu iliandikwa mwaka 2004 na mwasisi wake, Mark Shuttleworth: Microsoft imeshika sehemu kubwa ya soko. Hakuna mstari wa msimbo ambao ungeitibu. Mwaka 2013 aliifunga mwenyewe, kwa hoja kwamba simu na tableti, zikiwemo za Android, zimeshabadili soko. Kiporo kilipashwa moto na jirani.

Adui wa viporo ni roboti ya kufagia, inayofunga ripoti zilizokaa kimya. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Roboti ya GitHub, isiporekebishwa, ni karimu zaidi: humpa siku 60 za kimya, humbandika alama ya uchakavu, na baada ya siku 7 humfungia mlango. Hitilafu yenyewe haina habari kwamba imefungwa. Mtumiaji huiandika upya, safari hii kwa ukali, na hazina hujaa tena.

Watunzaji, wengi wao wa kujitolea baada ya kazi za mchana, hupunguza viporo kwa kuunganisha vinavyofanana, kukataa waziwazi visivyowezekana (ushujaa adimu huu), na kuvitia vyepesi alama ya kuwafaa wageni. Mgeni hufika, huandika kwamba anakichukua, hushukuriwa, hutoweka. Tangu siku hiyo kiporo kina mwenyewe, na hakuna mwungwana atakayegusa sahani ya mwenzake.