Mama Mkwe Atalala Tabora au Kigoma?

"Mama akija mwezi ujao," aliuliza mke wangu, "atalala Tabora au Kigoma?"

Mama ni mama yake, yaani mama mkwe wangu. Tabora na Kigoma ziko chumba cha wageni, zimechorwa kwa penseli juu ya plaiwudi. Kitanda nimekisimamisha ukutani. Kosa nalikubali, ila naomba nisikilizwe kabla ya hukumu.

Yote yaliletwa na zawadi. Jamaa yangu mmoja alirudi kutoka Ujerumani na sanduku la treni ndogo ya umeme, ya kipimo kiitwacho HO. Maana yake kila kitu kimepunguzwa mara 87. Nikashukuru, sikujua nimepewa ng'ombe nami naishi ghorofani. Kichwa cha treni kinataka reli, reli zinataka meza, meza inataka chumba, na chumba kina mama mkwe.

Mwanafunzi mwenye adabu angeanza na stesheni moja. Mimi nikataka Reli ya Kati nzima, Dar hadi Kigoma. Wajerumani waliianza 1905 wakafika Kigoma 1914. Miaka tisa! Mimi nilijipa Jumamosi mbili.

Jumamosi ya kwanza niliimaliza kwenye kikokotoo cha simu. Reli hiyo ina zaidi ya kilomita 1,200. Gawanya kwa 87, unapata kama kilomita 14. Ukianzia Posta, umeshaipita Ubungo. Nikaanza kufuta. Nilifuta Kilosa, nikafuta Dodoma (wabunge mnisamehe), nikafuta Manyoni. Nilipoweka penseli chini, kutoka Morogoro hadi Tabora palikuwa na shubiri mbili.

Plaiwudi nayo ni futi nne kwa nane, na chumba changu ni futi kumi kwa kumi. Nikiisukuma ukutani, treni ikianguka upande wa pili mkono haufiki, labda nilale kifudifudi juu ya Morogoro. Nikiiweka katikati, kwenye ncha zake nabaki na upenyo wa futi moja kila upande. Mimi na upenyo wa futi moja tuliachana zamani, tangu kitambi kilipohamia kwangu.

Nikasema basi, angalau niweke daraja, treni moja ipite juu ya nyingine. Kumbe treni ndogo ni mvivu wa milima kuliko daladala bovu. Mteremko unaofaa ni wa sentimita mbili kwa kila mita. Ili njia ya juu iipite ya chini bila kugonga paa la behewa, lazima ipande sentimita saba hivi. Hiyo ni mita tatu na nusu za kupanda tu, bado kushuka. Ubao wangu wote hauna hata mita mbili na nusu. Daraja likafutwa.

Halafu likaja suala la upana wa reli. Reli ya Kati ya zamani ina upana wa mita moja. Reli za kwenye sanduku zina milimita 16.5. Zidisha kwa 87: ni 1,435, yaani SGR yenyewe! Nimejenga SGR hadi Kigoma bila mkopo, na mke wangu hata hapongezi. Nilipotafuta treni ndogo za reli ya mita moja, nilizozipata ni mabehewa mekundu ya milima ya Uswisi. Binti yangu Neema aliitazama picha akauliza, "Baba, hii theluji ni ya Dodoma au Tabora?"

Aibu kubwa ilikuwa ya umeme. Treni ikifika Kigoma irudi vipi? Nikachora kitanzi: njia inazunguka kama kamba ya mbuzi na kujiunga nayo yenyewe, treni inageuka na kurudi Dar kichwa kikiwa mbele. Nikaona nina kipaji. Nikaunga reli, nikawasha. Transfoma ikalia tii, ikanyamaza.

Nikamwita fundi umeme wa mtaani. Hakufungua hata begi. Aliweka kidole kwenye reli ya kushoto, akaifuata polepole kuzunguka kitanzi, kidole kikatokea kwenye reli ya kulia.

"Mzee," akasema, "hii chanya, hii hasi. Umezikutanisha mwenyewe." Akachukua elfu kumi ya kidole.

Nikiwa nimenywea hivyo, nikasoma habari za Mwingereza mmoja, Alan Wright. Yeye alijenga kituo kidogo cha kupangia mabehewa, akakiita Inglenook. Pointi, yaani mahali njia inapogawanyika, ni mbili, njia za kuegesha ni tatu. Moja inachukua mabehewa matano, nyingine mbili matatu matatu. Una mabehewa manane, na kazi ni kupanga treni ya matano kwa mfuatano uliotoka kwa kura. Treni haiendi popote. Inasukuma, inavuta, inarudi nyuma, jioni inaingia. Nikajiona kabisa, nikiwa kazini.

Seremala akaipasua plaiwudi kwa urefu, vipande vinne vya futi moja. Kimoja tumekipigilia ukutani kama rafu. Vingine vitatu Mama Neema amevitaifisha, viko jikoni vina sufuria. Kitanda kimeshuka.

Mama mkwe alifika Ijumaa. Aliketi kitandani, akatazama kichwa cha treni kikihangaika na mabehewa yake kwa dakika kumi nzima. Mimi jasho linanitoka.

"Hapa ni stesheni?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Stesheni gani haina wauza mayai? Treni imesimama muda wote huu, abiria wanakula nini?"

Mke wangu akacheka mpaka akaegemea mlango. Sasa natafuta mwanamke wa sentimita mbili, mwenye sinia kichwani. Na akipatikana, atahitaji mahali pa kusimama, kwa hiyo nimekwenda jikoni kuuliza habari za ubao mmoja.