Namna ya Kufuzu Bila Kushinda: Mwongozo wa AFCON kwa Mwenyeji

Vuvuzela weka kando. Jezi nayo inaweza kusubiri. Anayetaka kuifuatilia AFCON ipasavyo anahitaji penseli, karatasi ya mistari na kikokotoo, na hapa nazungumzia kile cha kujumlisha na kutoa, si kile cha mafao ya wastaafu ambacho kimeshawaliza wengi. Mashindano ya 2027 yamepangwa kufanyika Kenya, Tanzania na Uganda, kwa hiyo safari hii mgeni atakuuliza wewe, mwenyeji, kwa nini timu iliyofungwa juzi inashangilia leo. Usimjibu kwamba mpira ni dakika 90. Hata hizo dakika zina utata wake: Januari 2022, kule Cameroon, mwamuzi Janny Sikazwe wa Zambia alimaliza mechi ya Tunisia na Mali dakika ya 85, akakumbushwa, akairudisha, kisha akaimaliza tena kabla ya 90 kutimia. Matokeo yalibaki yaleyale, Mali 1, Tunisia 0.

Jambo la kwanza kulikubali ni kwamba mwaka ulio kwenye jina la mashindano ni pambo. AFCON 2021 ndiyo hiyo iliyochezwa 2022. AFCON 2023 ilichezwa Ivory Coast, Januari na Februari 2024. AFCON 2025 ilijitahidi kidogo, ilianza Morocco tarehe 21 Desemba na kuwahi siku 11 za mwaka wake, kisha fainali ikapigwa Januari 18, 2026. CHAN 2024, ile tuliyoiandaa wenyewe na majirani zetu, ilichezwa Agosti 2025. Mtu akikuuliza AFCON 2027 itachezwa mwaka gani, usikurupuke.

Muundo wenyewe ukiusikia unaonekana mwepesi. Timu 24, makundi sita, kila kundi timu nne, kila timu mechi tatu. Ushindi pointi tatu, sare pointi moja. Wawili wa juu katika kila kundi wanaingia hatua ya 16 bora. Hao ni 12. Nafasi nne zinazobaki wanapewa wale walioshika nafasi ya tatu wakafanya vizuri kuliko wenzao, yaani washindwa bora. Piga hesabu utaona: zinachezwa mechi 36 ili kuwarudisha nyumbani watu wanane. Ni utaratibu wa huruma kubwa, na mwenye akili huujenga mkakati wake juu ya huruma hiyo.

Mkakati uko hivi. Wenye nafasi ya tatu ni sita, wanaopita ni wanne. Watu wengi hujisumbua kuangalia nani ni wanne bora. Kazi bure. Wewe tafuta wawili walio hovyo kukuzidi, ukishawapata umefuzu, hata kama makundi mengine bado hayajamaliza kucheza. Jedwali la AFCON husomwa kutoka chini.

Taifa Stars wa Tanzania walilithibitisha hilo kule Morocco kwa ufundi ambao, kwa maoni yangu, haujapewa heshima yake. Walifungwa na Nigeria 2-1. Wakatoka sare na Uganda 1-1, baada ya Simon Msuva kufunga kwa penalti na Uganda kusawazisha. Mechi ya mwisho ilikuwa dhidi ya Tunisia, Desemba 30. Jioni kama hiyo, kila kibanda umiza huwa na mtaalamu wake, kwa kawaida kijana wa duka la simu aliyebeba chaji mbili, na huwa na mzee wake, aliyelipa kiingilio mapema akakaa benchi la mbele. Mazungumzo yao huenda hivi:

"Mzee wangu, leo Stars wakitoa sare ya mabao wanapita."

"Sare na Tunisia? Tunisia si ndio watakaopita?"

"Watapita wote."

"Sasa anayetolewa nani?"

"Angola."

"Angola nao wanacheza leo?"

"Walimaliza jana, mzee. Wako hotelini wanatuangalia sisi."

"Na hiyo sare, mbona unasema ya mabao? Sare si sare?"

Hapo kijana hushusha pumzi, kwa sababu swali la mzee ndilo swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo. Angola walikuwa wamemaliza na pointi mbili, wamefunga mabao mawili, wamefungwa matatu. Stars wangetoka bila kufungana na Tunisia, nao wangekuwa na pointi mbili, mabao mawili ya kufunga na matatu ya kufungwa. Sawasawa kama mapacha, na kifungu kinachofuata baada ya hapo ni kura. Ila sare ya 1-1 ingewapa bao la tatu, na tofauti ya mabao isingebadilika hata chembe. Kwa hiyo kanuni ya AFCON, ikisomwa kwa utulivu, inasema kwamba kufungwa bao moja na kulirudisha kuna faida kuliko kulinda lango lako vizuri dakika zote. Stars waliielewa. Tunisia wakafunga kwa penalti kabla ya mapumziko, Feisal Salum akasawazisha mara tu kipindi cha pili kilipoanza, na baada ya hapo kilichobaki kilikuwa ni kuisubiri filimbi. Angola na Comoro wakawa ndio wale wawili wa chini tuliokuwa tukiwatafuta.

Ikumbukwe kwamba hiyo ilikuwa AFCON ya nne kwa Tanzania, baada ya 1980, 2019 na 2023, na katika mechi zote hizo hakuna iliyoisha kwa ushindi wetu. Tukaingia 16 bora hivyohivyo. Anayedhani kwamba ili ufuzu lazima ushinde awaulize Harambee Stars. Mwaka 2019, kule Misri, Kenya waliifunga Tanzania 3-2, wakapata pointi zao tatu halali, wakarudi nyumbani kwa sababu ya mabao waliyofungwa na Algeria na Senegal. Benin, kwenye mashindano hayohayo, walitoka sare mechi tatu za kundi, wakapita, wakatoka sare tena na Morocco, wakashinda kwa mikwaju ya penalti, wakajikuta robo fainali. Watani zetu wa Nairobi hawapendi kukumbushwa. Nawakumbusha kwa ajili ya elimu tu.

Lakini usiende kukopa benki kwa dhamana ya pointi mbili. Thamani yake hupanda na kushuka kama bei ya nyanya. Kule Ivory Coast Tanzania walipata pointi mbili hizohizo na wakashika mkia wa kundi. Zambia, waliokuwa kundi moja nasi, walimaliza nafasi ya tatu na pointi mbili, mabao mawili ya kufunga na matatu ya kufungwa, na wakatolewa. Washindwa bora waliopita safari hiyo walikuwa na pointi tatu au nne. Ndiyo maana nasisitiza kuwaangalia wengine: mafanikio yako yatapimwa kwa jinsi watu usiowajua, kwenye kundi usilolifuatilia, walivyoharibikiwa. Na si lazima ufunge mwenyewe. Sudan walivuka makundi kule Morocco kwa bao moja tu, na bao lenyewe mchezaji wa Equatorial Guinea alijifunga.

Sasa tega sikio, hapa wameumia watu wazima. Timu mbili za kundi moja zikilingana pointi, CAF haianzi na tofauti ya mabao. Inaanza na matokeo ya wao kwa wao: mlipokutana, nani alimpiga nani? Tofauti ya mabao inafuata baadaye. Lakini kwenye kuwapanga wale washika nafasi ya tatu, ambao hawajakutana, tofauti ya mabao inapanda juu mara baada ya pointi. Mashindano ni yaleyale, kalamu ni ileile, ila hesabu zinapigwa kwa njia mbili.

Walioonja uchungu wake vizuri ni Afrika Kusini. Oktoba 2011, kwenye mechi ya mwisho ya kufuzu AFCON 2012, walikuwa nyumbani na Sierra Leone. Waliamini kwamba sare inatosha kwa sababu tofauti yao ya mabao ilikuwa nzuri. Basi wakacheza kama watu wanaolinda sare, wakaipata, 0-0, na filimbi ilipolia wachezaji wakaanza kucheza ngoma uwanjani. Kumbe wao, Sierra Leone na Niger wote walikuwa na pointi tisa, na kwenye matokeo ya wao kwa wao aliyekuwa juu ni Niger. Niger, ambao siku hiyo walikuwa wamechapwa 3-0 na Misri, ndio waliofuzu. Ushauri wangu kwa mashabiki ni kushangilia kwa mkono mmoja, wa pili ushike kanuni.

Kuhusu kura, usidhani ni kifungu cha kujaza ukurasa. Mwaka 2015, Guinea na Mali walicheza mechi tatu kila mmoja na zote za kwao zikaisha 1-1, ikiwemo ile waliyokutana wenyewe. Hakuna kikokotoo kilichoweza kuwatenganisha. Kesho yake mkono ukachovywa kwenye vipira kule Malabo, Guinea wakaenda robo fainali na Mali wakaenda uwanja wa ndege. Hakuna kocha duniani anayefundisha mazoezi ya kura, na sioni kwa nini.

Ukishapita, swali linakuwa unakutana na nani. Vinara wanne wa makundi hupewa washindwa bora, wawili hupewa washindi wa pili, na kinara yupi hasa anapewa mshindwa bora yupi hutegemea ni makundi yapi manne yametoa washindwa bora hao. Michanganyiko inayowezekana ni 15, na ipo kwenye jedwali ambalo sijapata kumwona mchambuzi wa redioni akilieleza hadi mwisho bila kuomba tuende matangazo. Ukilalamikia 15, kumbuka kwamba Kombe la Dunia la 2026 lenye timu 48 lina makundi 12 na washindwa bora wanane, na michanganyiko yake ni 495. Kwa Stars jedwali lilisoma Morocco, mwenyeji, mjini Rabat. Wakafungwa 1-0 kwa bao la Brahim Díaz, na ile penalti tuliyoidai mwishoni bado inachezwa vijiweni mpaka leo.

Usijidharau kwa kuwa umepita kwa mlango wa nyuma. Ethiopia waliingia fainali ya AFCON ya kwanza kabisa, 1957, bila kugusa mpira, kwa kuwa Afrika Kusini waliotakiwa kukutana nao waliondolewa kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Kwenye fainali Misri wakawapiga 4-0. DR Congo, Januari na Februari 2024, walitoka sare tatu kwenye kundi letu, wakawatoa Misri kwa penalti ambazo ya mwisho ilifungwa na kipa wao Lionel Mpasi, na wakafika nusu fainali wakiwa wameshinda mechi moja tu ndani ya dakika 90.

Lakini daktari wa mambo haya ni Ivory Coast. Wakiwa wenyeji, walifungwa 4-0 na Equatorial Guinea, kikokotoo kikaonyesha giza, na siku mbili baadaye kocha Jean-Louis Gasset akaondolewa. Usiku uleule Morocco wakaifunga Zambia 1-0, na Waivory wakapenya kama mshindwa bora wa nne, wa mwisho kabisa. Sasa wana mechi na hawana kocha. Wakaomba kumwazima Hervé Renard aliyekuwa na timu ya wanawake ya Ufaransa, wakanyimwa. Wakamkabidhi msaidizi, Emerse Faé, ambaye alikuwa hajawahi kuongoza timu ya taifa ya wakubwa. Faé akawatoa Senegal, mabingwa watetezi, kisha Mali, kisha Congo, na Februari 11 akawafunga Nigeria 2-1 kwenye fainali. Kabla ya hapo, mitaani Abidjan, mashabiki walikuwa wakitembea na bendera za Morocco mabegani. Unapojiandaa kwa 2027, nunua bendera ya nyumbani, halafu acha hela kidogo pembeni kwa ajili ya nyingine, maana ya nani utaijua usiku wa mechi za mwisho za makundi.