Mashahidi wa Ami

Katika jumla ya masaibu yanayoweza kumfika mwenye mgahawa mdogo, sidhani kuna lililo gumu kulieleza mbele ya wageni kama kusifiwa kwa kitu asichokuwa nacho. Na sifa za namna hiyo ndizo zilizomshukia ami yangu, mzaliwa wa Unguja, muuza pilau, mishkaki na chai ya karak katika Dubai Investments Park, mahali ambapo wakazi wake, kwa kuchoshwa na urefu wa jina, hupaita DIP tu.

DIP, kwa asiyeijua, ilianzishwa mwaka 1997 upande wa bara wa Jebel Ali, ikatandazwa juu ya hekta 2,300 za mchanga, na humo viwanda, maghala, karakana, kambi za wafanyakazi na majumba ya Green Community hukaa ujirani bila ya kujuliana hali. Mwenye haja ya vioo, mabomba au makontena hatoki humo mikono mitupu, lakini mwenye haja ya pwani itambidi apande gari. Kwa hiyo asubuhi moja, simu ya ami ilipoanza kulia mfululizo, nami nikaamrishwa nimsomee kwa sauti yale ambayo wateja walikuwa wakiyaandika katika ramani ya Google, nilisita nilipofika penye bibi mmoja aliyeshukuru kwa taadhima kwamba alikula chakula cha jioni pamoja na mumewe huku wakiitazama bahari. Wa pili alilisifu bwawa la kuogelea. Wa tatu alisema kitanda kilikuwa laini.

"Kitanda?" aliuliza ami.

"Ndivyo alivyoandika, ami."

"Hebu rudia."

Nikarudia, na kitanda kilikuwa laini vilevile.

Ikabainika kwamba wiki iliyotangulia alikuja kijana mmoja aliyejinadi kuwa bingwa wa masoko, akamsimulia ami habari za Michael Luca wa Harvard, aliyechunguza migahawa ya Seattle akaona kuwa nyota moja zaidi katika Yelp huambatana na ongezeko la mapato la asilimia 5 hadi 9, kisha akapokea dirhamu ili aling'arishe jina la mgahawa. Ami alidhani jina litang'arishwa kwa bango. Kijana alikwenda kununua nyota kwa jumla, na muuzaji wake, huko aliko, hakujipa taabu ya kutenga migahawa na hoteli.

Ami katika ujana wake aliwahi kukaa mbele ya mashekhe akisomeshwa hadithi za Mtume, na mtu aliyefunzwa kuuliza nani kapokea kwa nani hahitaji programu ya kumfichulia uzushi. Alivaa miwani, akataka chai, akasema, "Tuanze na mpokezi." Tukafungua habari za bibi wa baharini, tukakuta kwamba siku ileile aliyokula kwetu alitengenezewa giaboksi Sharjah, aling'olewa jino Manila, na alihudhuria arusi katika ukumbi wa Lahore. "Dhaifu," alihukumu ami. Mwenye bwawa hakuwa na picha, wala historia, wala neno jingine alilopata kulisema duniani. Huyo akaandikwa majhuli, yaani asiyejulikana. Wengine wanne walirudia sentensi moja pamoja na kosa lake lilelile la herufi, na ami, kwa furaha ya mwanachuoni aliyekutana tena na fani yake, akatamka kwamba hao wote wamepokea kwa shekhe mmoja.

Njia hii si mbali na ya wataalamu wa leo. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walikusanya maoni 800 juu ya hoteli 20 za Chicago, nusu ya kweli na nusu ya kutungwa kwa malipo, wakayaweka mbele ya watu, na watu wakakisia tu. Kompyuta ikapatia karibu asilimia 90. Iligundulika kwamba watungaji aghalabu walijitaja wenyewe, waume zao na likizo zao, ilhali waliolala kweli walitaja bafu, sakafu na mahali hoteli ilipo. Mwongo huja na mumewe. Mkweli huja na bafu. Na pasipo wa kuuliza bafu liko wapi, mambo hufika alikoyafikisha Oobah Butler mjini London, ambaye mwaka 2017 alikipandisha kibanda cha bustanini kwake kikawa mgahawa wa kwanza wa mji mzima katika TripAdvisor, kikiwa na picha za vyakula vilivyopambwa kwa povu la kunyolea ndevu, na kabla ya kumlisha mtu yeyote. Ami alipohadithiwa, alisema, "Alau sisi pilau ipo."

Tatizo lilikuwa katika maoni ya mwisho, yenye nyota moja. "Meza ya pembeni, karibu na jokofu. Kiyoyozi kilinidondokea shingoni, kisha kwenye sahani, mpaka pilau ikaogelea. Nilimwita mhudumu, naye anatazama mpira." Hapo elimu yote ilimruka ami. Huu ni buhtani, alisema, na mwenye buhtani ni jirani wa ng'ambo ya barabara. Akataka ashitakiwe kwa Sheria ya Shirikisho namba 34 ya mwaka 2021, ambayo kifungu chake cha 43 humtishia amtukanaye mtu mtandaoni kwa kifungo, au faini ya dirhamu 250,000 hadi 500,000. Takwimu hiyo aliirudia kwa sauti laini. (Kwa rai yangu, kifungu hicho ndicho sababu wengi waliokula vibaya katika nchi hii hulalamika nyumbani tu, na ndiyo maana lawama iliyojitokeza hadharani ni johari.)

Nikamwomba ami ampime mlalamikaji kwa mizani yake mwenyewe ya hadithi. Mpokezi ana miaka kadhaa ya maoni, ameandika juu ya kinyozi na fundi wa matairi wa DIP hapahapa, hakuwakweza mno wala hakuwashusha. Na matini ina meza, ina jokofu, ina shingo. Ami alinyamaza, akaenda akakaa katika kiti kile, akangoja. Tone la kwanza lilimwangukia kwenye kofia.

"Sahihi," alisema, bila ya kugeuka.

Fundi akaitwa siku ileile. Jibu kwa mteja ami aliliandika kwanza kama risala, lenye salamu, dua na historia ya kuhama kwake Unguja, tukalipunguza hata likabaki: "Ni kweli. Kiyoyozi kimetengenezwa. Karibu, chai juu yetu." Zile sifa tuliziripoti kwa Google moja moja, na baadhi zikaondolewa, ila kitanda kingali kipo. Huko Marekani kanuni ya kupiga marufuku biashara hii ya maoni ya uongo ilianza kutumika Oktoba 2024, na Uingereza ikafuata Aprili 2025, lakini yule kijana wa masoko yaelekea habari hizo zimemfikia kama fursa, maana juzi alirejea kwa bashasha ileile na huduma mpya ya kufuta maoni ya uongo, kwa bei maradufu ya kuyaandika. Akifika kwenu, mpeni chai, msimpe fedha.