Mimi, Mlinzi wa Bastola

Katika umri ambao wazee wenzangu wa Kimara hununua shamba Bagamoyo, au viatu vya mpira vya kutembelea alfajiri kwa amri ya daktari, mimi nilinunua bastola. Na kwa kuwa kisa hiki kimekwisha kusimuliwa katika baraza ya kahawa kwa namna saba, mbili kati yake zikiwa na marehemu ndani, nimeona ni haki yangu kukisimulia kwa namna ya nane, ambayo haina marehemu wengine ila kuku.

Kuku wangu walianza kupungua wakati wa masika, wawili leo, mmoja kesho kutwa, pasipo kelele za kutosha kumwamsha mtu anayelala vizuri, na mimi, alhamdulillahi, hulala vizuri. Siku hizo mji mzima ulikuwa ukizungumza habari za vijana walioitwa Panya Road, nami nikakata shauri kwamba vijana hao, baada ya kumaliza simu za watu, wamehamia kwenye mayai. Mama watoto alisema mwizi ni mnyama. Nikamjibu kwamba mnyama hafungui komeo. Akasema komeo hilo halijafungwa tangu sikukuu ya Idi. Sikuona faida ya kuendelea na mjadala uliokwisha kuingia katika mambo madogo madogo, nikamwambia kwamba nyumba yenye mwanamume haikosi silaha, naye akanitazama muda mrefu kwa jicho ambalo nimeoana nalo miaka thelathini na sita bila kulielewa.

Nilidhani kununua bastola ni kama kununua pasi ya umeme: mtu huingia dukani, huuliza bei, hulalamika, hutoka. Kumbe Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haikuandikwa kwa ajili ya watu wenye haraka. Yataka mwombaji awe ametimiza umri wa miaka 25, sharti nililolipita kwa miaka 38 ya ziada; yataka awe na cheti cha kuthibitisha kwamba ajua kuishika na kuitunza silaha; na juu ya hayo karatasi zake hupanda ngazi, kutoka mtaa hata kata, kutoka kata hata wilaya, kila daraja ikitaka kujua kama ni mtu wa heshima au mtu wa ghadhabu. Sina lawama kwa utaratibu huo, na nikiwatazama baadhi ya madereva wa bodaboda wa Kimara Mwisho huomba Mungu uzidishwe. Ila ulikuwa na tatizo moja ambalo sikulitarajia. Mimi nilikuwa nikinuia kumghafilisha mwizi, na hatua ya kwanza ya kumghafilisha ilikuwa kusomewa ombi langu mbele ya wajumbe, kwa sauti, dirisha likiwa wazi, na nje yake pakiwa na mama muuza chapati ambaye habari humfikia moto na hutoka kwake moto zaidi.

Mjumbe mmoja, mtu wa hesabu, aliniuliza silaha naitakia nini. Nikasema kuku. Akauliza ni wangapi. Nikasema kumi na mmoja. Akaandika tarakimu hiyo pembeni ya karatasi, akafanya hesabu ndefu ya siri, akaitazama, akaifuta. Katika jalada pakaandikwa maneno ya staha zaidi: ulinzi wa mali.

Kabla sijaipata bastola yenyewe, sifa yake ilikwisha kunitangulia. Bwana mmoja wa Golani, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akiniona barabarani na kugeukia duka lililo karibu hata kama ni duka la sanda, alikuja nyumbani na deni langu lote mkononi, akanipa, akaniamkia shikamoo ilhali tu hirimu. Hiyo ndiyo faida pekee ya kifedha niliyopata katika biashara hii. Hasara zilikuwa nyingi. Barazani, nilipokuwa nikikaribia, mabishano ya Simba na Yanga yaliyeyuka, na kila mtu akakubaliana na kila mtu, jambo lisiloweza kuvumiliwa na mpenzi wa mpira. Kinyozi wangu alishikwa na kitetemeko. Mwenye wembe alikuwa yeye, na shingo ilikuwa yangu, lakini aliyeogopa alikuwa yeye. Na mtu asiyewahi kunyolewa ndevu na kinyozi mwenye hofu hajui maana ya kutubu.

Cheti nacho kilinipeleka darasani. Hapo yanipasa kukiri jambo la zamani. Mwaka 1981, nikiwa kuruta katika Jeshi la Kujenga Taifa kule Ruvu, nilipewa bunduki aina ya SAR na risasi kumi, nikalala kifudifudi, nikazimaliza zote kwa ushujaa. Karatasi yangu ikakutwa safi kama ilivyotoka ghalani, na karatasi ya mwenzangu wa kushoto ikakutwa na matundu kumi na tisa. Afande, aliyekuwa mwepesi wa hesabu, akatuadhibu sote wawili, mimi kwa kukosa na yeye kwa kupita kiasi. Basi darasani nilifaulu zaidi kwa kichwa kuliko kwa mkono: ihesabu kila silaha kuwa ina risasi, usielekeze mtutu kwenye kitu usichokusudia kukiharibu, kidole kisiguse kifyatulio mpaka macho yamekwisha kulenga, na ujue kilicho nyuma ya shabaha yako. Hilo la nne lilinitia fikra, kwa kuwa nyuma ya banda langu la kuku kuna chumba cha mpangaji, nyuma yake kuna msikiti, na nyuma yake kuna Kimara yote inayoteremka bondeni kuelekea Bonyokwa, nyumba juu ya nyumba kama mayai katika trei.

Siku ya kwenda mjini kuinunua nilipanda mwendokasi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikayasikia majina ya vituo. Tulipotoka Kimara, likatangulia Korogwe, likaja Bucha, kisha Baruti. Nikatabasamu. Tulipofika Magomeni kikatangazwa kituo cha Usalama, nikaacha kutabasamu; na baada ya Jangwani kikatajwa kituo cha Fire. Mtu mwenye imani dhaifu angeshuka.

Muuzaji alikuwa mtu wa adabu na elimu. Alinionyesha bastola ya Beretta na kunieleza kwamba nyumba hiyo ya Kiitalia ilikwisha kuuza mitutu mwaka 1526, yaani miaka 28 tu baada ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi, nami nikaona ajabu kwamba katika karne tano zote hizo hawajapata njia ya kupunguza bei. Mwishowe nikachukua bastola ya Kicheki iliyowahi kutumika, nyeusi, yenye uzito wa mfuko wa kilo moja wa sukari. Bei yake sitaitaja, kwa sababu mama watoto anajua kusoma.

Sasa ndipo ulipoanza utumwa wangu. Sheria na akili vyote viwili vyataka silaha iwe mahali salama, basi nikamwita fundi wa kuchomelea, akaniundia kasha la chuma lililofungwa ukutani kwa nondo, na gharama ya kasha ilikaribia gharama ya kuku wote niliopata kuwafuga tangu nistaafu. Ufunguo nikaufanyia maficho, na maficho nikayabadilisha kila juma ili asiyajue mtu. Nilikosa arusi ya mpwa wangu Pangani kwa kuogopa kuiacha nyumba. Usiku niliamka mara mbili, tatu, kulitia kasha mkono gizani kama mama anayeangalia kama mtoto ana homa. Niliinunua inilinde, na kabla ya mwezi kuisha tulikuwa tukilala kwa zamu, na zamu zote zilikuwa zangu.

Usiku wa tukio ulifika. Kuku wakapiga kelele ambazo hata mimi ziliniamsha, nikaruka kitandani nikiwa na azma, nikalikuta kasha, nikapapasa mahali pa ufunguo, na pale palikuwa pahali pa juma lililopita. Nikatafuta ndani ya saa ya ukutani, nikatafuta katika viatu vya mazishi, nikatafuta katika kopo la iliki. Nje nilisikia majirani wakija, milango ikifunguka, kurunzi, virungu, watoto, mbwa wa jirani akibweka kwa furaha ya kazi. Ufunguo niliuona hatimaye ndani ya kisanduku cha miwani, na kwa kuwa sikuwa nimevaa miwani nilikuwa nimekipita mara tatu. Basi nikaona ni aibu kuchelewa zaidi, nikatoka mbio kwa msuli na fulana. Katikati ya uwanja, chini ya mwanga wa kurunzi sita, alilala kicheche mmoja, mrefu kama kiko cha kuvutia tumbaku cha wazee wa zamani, ambaye mbwa alikwisha kumhukumu. Watu wote wakanigeukia, wakautazama mkono wangu wa kulia niliounyosha mbele. Ulikuwa umeshika ufunguo.

“Mzee,” akauliza mpangaji wangu kwa heshima zote, “umekuja kumfungia?”

Mama watoto hakusema neno. Alikwenda akalifunga komeo.

Tangu usiku huo hajapotea hata kifaranga, na bastola ikabaki bila kazi, jambo lililonisononesha, maana sikuzaliwa katika ukoo wa kuweka mali bila kuitumia. Ndipo nikaanza kwenda, Jumamosi moja katika mwezi, kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji, bastola ikiwa tupu ndani ya mkoba uliofungwa na risasi zikiwa mbali nayo, nikapigie karatasi. Nilidhani ni mchezo wa makelele. Ni mchezo wa kimya.

Siku ya kwanza haukuwa kimya. Risasi zangu zilitoka, hilo nalishuhudia, lakini karatasi ilisimama mita 25 mbele yangu bila alama, mpaka nikadhani imenyunyiziwa yale maji aliyoyatoa Kinjikitile kule Ngarambe mwaka 1905. Nilipofyatua ya tano ganda la risasi liliruka, likaingia ndani ya ukosi wa shati langu, nalo lilikuwa moto kama kaa la mchoma mahindi; nikaucheza mchezo ambao babu zangu wa Uzaramo wangeutambua, mguu baada ya mguu, mabega yakienda yenyewe, huku mwalimu akiniamuru kwa sauti ya ngurumo nielekeze mtutu mbele. Naapa sikuugeuza. Kila kiungo changu kilicheza ila mkono ule, na mwalimu alisema baadaye kwamba hilo ndilo jambo la kwanza nililolifanya sawasawa.

Ugonjwa wangu aliugundua kwa hila. Alinijazia bastola kwa kificho, akachanganya risasi za kweli na moja iliyokufa, nami nilipofyatua iliyokufa hapakuwa na mshindo wa kunisitiri: tukauona wote wawili mkono wangu ukiinama chini wenyewe, kama bwana arusi anayewaamkia wakwe. Kumbe nilikuwa nikiuogopa mlio kabla haujalia, na kwa kuuogopa nikizizika risasi zangu zote mchangani. Akanisimulia habari za Károly Takács, askari wa Hungaria ambaye mkono wake wa kulia uliharibiwa na bomu la kurusha mwaka 1938, akajifundisha kulenga kwa mkono wa kushoto, akashinda dhahabu ya Olimpiki mjini London mwaka 1948 na tena Helsinki mwaka 1952. “Nawe, mzee wangu,” akamalizia, “unayo yote miwili.”

Nilijaribu pia mtindo wa yule Mturuki, Yusuf Dikeç, aliyepata fedha pamoja na mwenzake Paris mwaka 2024 akiwa amevaa miwani ya kawaida na mkono mmoja mfukoni, akilenga kutoka mita 10 kiini chenye upana wa milimita 11.5, yaani kifungo cha shati. Nilitia mkono mfukoni, nikajihisi bingwa, na mwalimu akaniamuru kuutoa kabla sijajidhuru.

Lakini polepole, mwezi hata mwezi, jambo likaja. Mtu husimama, hutoa nusu ya pumzi, na nusu huibakiza. Jicho hukitazama kijiti kilichoko mwisho wa mtutu na kuiacha karatasi igeuke ukungu. Kidole hukaza kidogo kidogo, kwa upole wa mtu anayefunga mlango wa chumba cha mtoto aliyelala, hata mlio uje wenyewe kama habari usiyoitazamia. Katika sekunde zile nne sina deni, sina ankara ya maji, sina goti. Katikati ya karatasi kuna kiini cha alama kumi chenye upana wa milimita 50, kama mdomo wa finjani la kahawa, na siku nilipokitoboa kwa mara ya kwanza nilirudi Kimara nikiwa nimesimama mwendokasi nzima, ingawa kijana mmoja alinipisha kiti.

Mwezi uliopita nilipata karatasi bora kuliko zote. Siku hiyo kushoto kwangu alisimama mwanafunzi mpya, mtu mzima, mpole, aliyefumba macho yote mawili kila alipofyatua, na mwishoni akasikitika kuona karatasi yake ina upungufu. Nilimtia moyo nikamwambia asikate tamaa. Karatasi yangu nimeitundika sebuleni chini ya picha ya arusi yetu, na wageni huihesabu matundu kumi na mawili, wakanipa mkono wa pongezi. Risasi nilizopewa zilikuwa kumi.