Muulize Shangazi: Mume Wangu Yuko 1999

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu ni Manchester United. Timu ikifungwa, anarudi kutoka kibanda umiza bila salamu, anachomeka flashi kwenye runinga na kuangalia fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Bayern, iliyochezwa Barcelona mwaka 1999. Sheringham akisawazisha, anapiga kelele mpaka mtoto anaamka. Solskjaer akifunga la pili, anapiga magoti sebuleni. Kwani hajui matokeo?*
Mke wa Shabiki, Temeke

Marahaba, mwanangu, na pole. Matokeo anayajua kuliko tarehe ya kuzaliwa ya huyo mtoto anayemwamsha. Timu yake ilimaliza ligi ya 2024/25 nafasi ya 15, ikafungwa na Tottenham fainali ya Ligi ya Europa, kisha Agosti 2025 ikatolewa Kombe la Ligi na Grimsby Town, timu ya daraja la nne, kwa penalti 12-11. Mwache atafute mechi isiyoweza kumgeuka.

Ila muulize: huwa anaanzia dakika ya ngapi? Nawajua hawa, wanaanzia ya 89. Mwambie leo aanze mwanzo. Basler wa Bayern anafunga kwa mpira wa adhabu dakika ya 6. Keane na Scholes wamefungiwa, wamevaa suti. United wanahangaika weee. Scholl anagonga nguzo, Jancker anapiga tikitaka, mpira unagonga mtambaa panya. Ukimficha mwaka, atadhani ni mechi ya wikiendi iliyopita na atamtukana kocha.

Halafu asizime baada ya bao la pili. Yupo beki wa Bayern, Samuel Kuffour wa Ghana, anaupiga uwanja kwa ngumi, na mwamuzi Collina anahangaika kuwanyanyua wachezaji waliolala chini ili mpira uanzishwe. Mimi hicho ndicho kipande ninachokirudia. Mumeo hakioni kwa sababu muda huo yuko magotini.

Akimaliza, mtafutie msimu wa 1989/90: Ferguson, kocha huyohuyo wa 1999, kapigwa 5-1 na Manchester City, kamaliza ligi wa 13. Hiyo sijamwona mtu akiiweka kwenye flashi.

*Nina miaka 18, nashabikia timu hiyohiyo. Wazee wa kibandani wananiambia sijui mpira kwa kuwa 1999 sikuwepo.*
Kijana, Mombasa

Ubingwa wa mwisho wa ligi ulikuja 2013, wewe uko chekechea. Wao walifuata makombe. Wewe umefuata nini? Shabiki wa kweli hapo kibandani ni wewe, na wazee hao wana deni lako la soda.

*Nina kibanda. Wateja wanataka niwawekee mechi za zamani lakini hawalipi, eti matokeo yanajulikana. Juzi wawili waliwekeana dau juu ya fainali hiyohiyo ya 1999. Nifanyeje?*
Mwenye Kibanda, Mwanza

Mechi za United za siku hizi nazo matokeo yanajulikana, mbona wanalipa? Toza nusu kiingilio, na atakayelia kwenye kona ya Beckham iliyozaa bao alipe kamili. Dau piga marufuku kabisa. Ila yule aliyechukua Bayern usimfukuze. Nitumie namba yake ya simu, nina kiwanja nakiuza, kipo katikati ya Ziwa Victoria.