Muuaji Aliyetajwa Barazani

Tangu jana alasiri kila ninayekutana naye mtaani hunisalimu kwa kunitajia jina la muuaji, nami sina budi kuitikia kwa adabu, kwani aghalabu ya wanaonisalimu hivyo ni wakubwa zangu, na mmoja wao ni mkwe.

Ada ya baraza yetu hapa Unguja, mwaka unapokaribia kutimia, ni kwamba kila mwenye kusoma huja na kitabu kilichompendeza kuliko vyote alivyovisoma mwaka huo, akakisifu mbele ya hadhara, kisha akakitoa kiazimwe kwa zamu. Walikwisha kunitangulia wenye vitabu vya faida za habasoda na vya kutajirika bila mtaji, wakapigiwa makofi. Nami nikasimama kwa taadhima na Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyoshinda mashindano ya kuandika hadithi ya 1957–58, ikapigwa chapa mwaka 1960, na kumwingiza Bwana Msa na kiko chake katika fasihi yetu. Nilieleza jinsi maiti ilivyokutwa penye mzimu, nikaeleza jinsi ilivyo rahisi kwa watu kuwasingizia wafu jambo walilolitenda wahai, na la mwisho sikulidokeza hata kwa kope, kwa sababu kusifu hadithi ya upelelezi ni sawa na kumtembeza mgeni nyumba nzima ilhali chumba kimoja umekitia kufuli. Na nilipofika pale ambapo msemaji hunyamaza ili watu wasogee mbele, nikakiinua kitabu juu ya vichwa vyao, nikabaki na jalada mkononi.

Vilivyokuwamo ndani vilishuka. Kaskazi, ambayo tangu adhuhuri ilikuwa kimya, ilizitwaa kurasa ikazigawa kwa uadilifu: nyingine uchochoroni, nyingine juu ya sinia ya kashata, na muuza kahawa, kwa nia njema isiyo shaka, akaikanyaga sura nzima kwa kandambili isije ikaruka. Tulizikimbilia. Maalim mmoja mtu mzima, ambaye magoti hayamruhusu tena kukimbia, aliokota karatasi moja tu, ile iliyomwangukia mapajani, akavaa miwani, na kwa sauti ile ile anayosomea Maulidi akaisoma toka juu hadi chini. Ilikuwa miongoni mwa zile za mwisho. Alipolifikia jina, baraza nzima ilisema, "Kumbe ni yeye!" na jirani yangu, aliyekuwa wa kwanza katika zamu ya kuazima, akanipa mkono. "Mungu akulipe kheri, bwana. Tumekwisha kukisoma."

Usiku sikulala, na kwa kuwa sikulala nilikifumua kitabu kingine cha zamani, chenye jalada gumu, nione kilivyoshikana. Lo, ni kazi ya ajabu! Karatasi pana hupigwa chapa pande zote mbili, ikakunjwa mara tatu, ikawa majani manane yenye kurasa 16, na mpangilio wa kurasa hizo kabla ya kukunjwa ni fumbo, baadhi yake zikiwa miguu juu kichwa chini, lakini mkunjo ukishakamilika kila moja hukaa mahali pake. Mikunjo hiyo hukusanywa, hutobolewa mgongoni, hupitishwa uzi katikati, mmoja ukafungwa na mwenziwe. Hata jani moja likitaka kutoka, jani pacha lake lililo upande wa pili wa mkunjo hulirudisha, na uzi huyashika yote mawili. Gundi na jalada huja baadaye. Ama katika vitabu vya rahisi, mgongo wote wa mikunjo hukatwa, ukakwaruzwa, ukapakwa gundi ya moto, na tangu hapo kila jani ni yatima, linaning'inia kwa ukingo wake mwembamba tu, likingojea gundi ikauke, ivunjike, na mtu asimame barazani.

Kule barazani, nambari za kurasa zingalituokoa, lakini mashine ya kukatia ilikuwa imezinyoa nusu yake. Hapo Maalim akatueleza kwamba katika miswada ya zamani ya hati za Kiarabu, ambayo aghalabu haikutiwa nambari, mwandishi alikuwa akiandika chini ya ukurasa neno la kwanza la ukurasa unaofuata, hata kurasa zikitawanywa na pepo zote mtu huzikusanya neno kwa neno. Tukajaribu vivyo hivyo kwa kuunganisha sentensi zilizokatika, mpaka magharibi ikaadhiniwa, tukapata riwaya ambayo ndani yake Bwana Msa anaifumbua siri kabla maiti haijaonekana. Wawili watatu waliiona ni bora zaidi.

Na nakala ile, niseme wazi, ilikuwa fotokopi. Nilianza kwa kukiulizia kitabu chenyewe dukani, duka baada ya duka, na kila muuzaji, kabla ya kuniambia hanacho, aliniuliza, "Kinatahiniwa?" Maadamu hakitahiniwi, hakiagizwi, kikitahiniwa, hupangwa mpaka dari, wanafunzi wakakariri wahusika na dhamira, na siku ya pili ya mtihani hakuna anayetaka tena kukiona. Baina ya hali hizo mbili hapana mahali pa mtu mzima mwenye fedha mkononi anayetaka kusoma riwaya ya Kiswahili kwa sababu inampendeza. Mwandishi hapati senti katika fotokopi, msomaji hapati uzi, na anayefaidika ni mwenye mashine peke yake. Jambo hili silicheki.

Vitabu vyangu vingine vya mwaka huu havina maneno mengi. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2022, ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, shemeji amesafiri nayo Muscat nami nikiwa katikati ya kuisoma. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi imerudi bila jalada, na jalada nimeliona likifunika daftari la hesabu. Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert ulisifiwa na kila mtu, na hakuna aliyeuazima.