Namna ya Kufunga Ramadhani Ukiwa na Watoto Watatu na Mtungi Mmoja wa Gesi

Mahitaji: watoto watatu wasiolingana kwa lolote isipokuwa sauti, mtungi wa gesi ambao hakuna anayekumbuka ulijazwa lini, sufuria ya uji, nazi za kutosha, fundi cherehani mmoja mwenye maneno matamu, baba watoto mmoja, akipatikana. Subira utaitafuta mwenyewe sokoni. Ukiikuta imewekwa mafungu, nichukulie na mimi moja.

Mwongozo huu ni wa sisi wa nyumba za kawaida, Tandika, Buguruni, Magomeni na jirani zake, ambako ukikaanga kitunguu jikoni, aliyelala chumbani anapiga chafya. Wenye wasaidizi wawili na mashine ya kukuna nazi waendelee na shughuli zao, hapa watatuchelewesha.

Jambo la kwanza ni kufahamu unachofunga. Njaa siyo tatizo. Sisi wa karibu na Ikweta siku zetu hazirefuki kiasi cha kumlalamikia mtu: ni saa kumi na tatu na ushei, Ramadhani iangukie Machi au Agosti. Ndugu zetu walioko London, ikiwaangukia Juni, wanapiga saa kumi na nane, na hao ndio wa kupewa pole. Lakini mashehe hutukumbusha kila mwaka kwamba tumbo halifungi peke yake, ulimi nao unafunga. Hapo ndipo mwenye watoto anapoumbuka. Tumbo langu hufika magharibi salama salimini. Ulimi, siku nyingi, umeshakula saa mbili asubuhi, tena umekula ukashiba, na kisa ni soksi moja ya shule.

Maandalizi yaanze Shaabani. Wenzako watakuwa wanavunja jungu, wanakula kama watu wanaoagana na dunia. Wewe huna jungu la kuvunja, watoto wameshavunja vyote. Wakalishe chini uwape somo. Waambie mwezi unaokuja ni mtukufu, ni wa utulivu, na kwamba shetani hufungwa. Binti wa miaka minne atataka kujua anafungwa kwa kamba au kwa kufuli, ufunguo anakaa nao nani, na je, akitaka kwenda chooni? Jibu unavyoweza. Faida ya somo utaiona siku ya tatu, atakapomwaga unga wa ngano sebule nzima, umuulize nani kafanya hivi, halafu umtazame anavyotafuta jina la kusingizia na kukumbuka kwamba yule wa siku zote mwaka huu yuko kifungoni.

Sasa tuje kwa wa miaka sita. Huyu atatangaza kwamba anafunga. Sheria haimdai chochote, funga humlazimu mtu akibaleghe, naye bado anang'oka meno. Usimkatalie. Wala usimletee habari za kufunga mpaka adhuhuri kisha ale, kama tulivyofanyiwa sisi. Ya nusu siku ni ya watoto wadogo, atakwambia, na shuleni wenzake wote wamefunga zote. (Nimeshauliza mama zao. Hakuna aliyefunga zote. Kuna mmoja alifunga kwa dakika arobaini, na kwao ilihesabiwa.)

Mwache afunge, kisha uhesabu anavyotawadha. Mtoto ambaye Shaabani nzima alivutwa sikio ndipo anawe uso ghafla anashikwa na bidii ya ibada: anatawadha adhuhuri, anatawadha kabla ya alasiri, anatawadha udhu ukitenguka na usipotenguka. Mwaka jana nilimchungulia wangu kupitia upenyo wa mlango wa uani. Alichota maji kwenye ndoo kwa kopo, akasukutua mara ya kwanza, akatema vizuri, mbali na ndoo. Mara ya pili mashavu yalijaa, macho yakapanda juu kwenye kamba ya nguo kama anayetafuta kanga fulani, na koo likashuka na kupanda, polepole. Mara ya tatu vilevile. Kisha akaosha vidole vya miguu kimoja kimoja, kwa utulivu wa shehe wa makamo. Alitoka kidevu kinachuruzika, akanikuta mlangoni.

"Mama, kiu imenibana," akasema, "lakini navumilia."

Ufanyeje? Msifu. Jioni mpe tende ya kwanza, mbele ya baba yake na mbele ya dada yake, halafu nenda ukaweke mfuniko kwenye ndoo.

Alasiri ndiyo saa ya vita. Futari haipikwi, inapiganiwa. Uji wa pilipili manga uko jiko hili, magimbi ya nazi jiko lile, kaimati zinasubiri mafuta, na kila mtoto amegundua kwamba muda mzuri wa kutafuta penseli ni huu, na kwamba penseli iko jikoni. Washirikishe. Wataalamu wa malezi wanashauri hivyo, na wao labda wana majiko makubwa. Mpe wa miaka sita kazi ya kuchambua mchele wa daku, mpe wa minne kazi ya kupanga tende kwenye kisahani, tatu kwa kila mtu. Usizihesabu tende wakati anapanga. Zihesabu baada ya kumaliza, zitoe kwenye idadi uliyompa, na jibu utakalolipata ndilo alilokula. Huyu hajafunga, ana haki yake, lakini ni vizuri ulijue jibu kwa ajili ya hesabu za nyumbani.

Gesi itaisha saa kumi na mbili na dakika kumi. Sikutishi, nakupa ratiba. Ikishaisha, mtume baba watoto, na usimuulize kwa nini alipoambiwa jana alisema bado ipo. Hapa ndipo ulimi unapowasha kuliko pilipili manga ya uji. Meza mate, kwa kuwa hilo limeruhusiwa.

Kuna suala la sahani za jirani, nalo linataka akili. Jirani akikuletea futari, sahani hairudi tupu. Mpelekaji ni mtoto. Ukimpa sahani ya kaimati kumi apeleke nyumba ya tatu, zitafika saba. Mimi hupanga kumi na tatu, na mama wa nyumba ya tatu, ambaye naye ana mpelekaji wake, bila shaka hufanya hivyohivyo upande wake, na kwa njia hiyo heshima ya mtaa imedumu. Kwa jirani yetu Mkristo tunapeleka vilevile. Mwanawe ndiye mwaminifu kuliko wote katika kusubiri adhana, anakaa kibarazani kwetu tangu saa kumi na mbili kamili akiwauliza wanangu kama wamesikia.

Daku. Kila usiku wa miaka sita atakuapiza umwamshe. Utamwamsha saa kumi. Utamtikisa, utamkalisha, utamwita kwa jina lake lote mpaka la babu. Atafumbua macho, atakutazama kama askari wa mpakani anavyotazama hati ya kusafiria yenye kasoro, kisha ataanguka upande wa pili. Asubuhi atalia kwamba hukumwamsha. Usimbishie. Mwaka jana nilimpiga picha akiwa amekaa na kijiko mdomoni, nikamwonyesha asubuhi kama ushahidi. Alisema yule siyo yeye. Wa mwisho, mwenye mwaka mmoja na nusu, huamka kila daku bila kuitwa, hula kuliko sisi wote, na halali tena mpaka jua litoke.

Kumi la mwisho likiingia, wachamungu wanakesha misikitini na wewe unakesha na mahesabu. Viatu kwanza. Kosa la wanaoanza ni kwenda na watoto Kariakoo. Mtaa wa Kongo siku hizo hauna nafasi ya kuweka mguu, na watoto watatu wana miguu sita. Fanya kama bibi zetu: chukua chelewa ya ufagio, mlaze mtoto, pima unyayo, kata, ongeza nafasi ya kidole kwa sababu kiatu lazima kifike Idi ya Mfunguo Tatu. Chelewa tatu, weka pochini, nenda peke yako. Lakini uziwekee alama. Mimi nilijiamini, nikafika mbele ya muuza viatu na chelewa mbili zinazokaribiana, na mwenye duka akasema, "Dada, mguu mrefu ni wa nani?" Sikujua. Nilinunua kwa kubahatisha, na wa miaka minne akavaa Idi mosi viatu vya kuwaka taa vilivyotangulia hatua moja mbele yake.

Nguo zipeleke kwa fundi mapema. Huu ni ushauri wa kila mtu na hauna maana yoyote. Fundi hashoni kwa foleni, anamshonea aliyesimama mlangoni. "Njoo kesho, dada yangu, kimebaki kifungo tu," atasema, na kitambaa chako bado kimekunjwa vilevile ulivyokikunja wewe. Usigombe, umefunga. Mpeleke binti wa miaka minne. Mkalishe kwenye kigoda karibu na cherehani, mwambie fundi unafika sokoni mara moja, kisha uende kweli. Nilirudi baada ya saa moja. Alikuwa ameshauliza kila mkasi ni wa nini, ameviringua uzi wa kijani mpaka barabarani, na sasa alikuwa anataka kujua kwa nini fundi hana nywele hapa ila anazo pale. Gauni lilikuwa limekwisha, limepigwa na pasi. Fundi alikataa hata kunywa soda.

Usisahau zakatul fitri kabla ya sala ya Idi. Ni pishi moja kwa kila kichwa, yaani vibaba vinne, kama kilo mbili na nusu za mchele, na kichwa cha aliyekunywa ndoo nzima kinahesabika sawa na changu. Yule wa mwaka mmoja na nusu pia, ambaye mwezi mzima alikula daku, staftahi, chakula cha mchana na futari.

Kisha usiku wa mwezi ishirini na tisa. Usiku huu una sufuria mbili: ya daku na ya pilau, na huwezi kuinjika hata moja mpaka itangazwe. Nyumba nzima iko mbele ya redio ikimsubiri Mufti, watoto wako nje wamepanda ukuta wakiutafuta mwezi upande wa magharibi. Kwenye familia yetu kuna wanaofuata mwezi ulioonekana popote duniani na wanaosubiri wa hapa nchini. Shemeji yangu ni wa kundi la kwanza, kwa hiyo miaka mingine huja kula Idi kwetu akiwa anadai ni Idi pili. Watoto wana msimamo mmoja usioyumba. Wanafuata mwezi wowote utakaotangulia, na Idi zote mbili.

Idi asubuhi, waoge, wapake mafuta, wavae, na wasikae chini. Ndio utaratibu wote. Miaka hii Ramadhani ilipoangukia masika, dimbwi la mbele ya nyumba yetu lilikuwa linawasubiri tangu usiku, na kwa kuwa viatu vinawaka taa, ilibidi ijulikane kama vinawaka na majini. Vinawaka. Ufukweni mkienda, mwandikie kila mmoja namba yako ya simu mkononi kwa kalamu, maana Idi mosi watoto wanaopotea pale ni wengi, na wako akiulizwa jina la mama atasema "Mama". Fedha za sikukuu wanazopewa na wajomba utaombwa uwatunzie. Zitunze. Mtungi wa gesi unajazwa kwa kitu.

Wanaopanga uzazi wazingatie pia kalenda: mwezi huu husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, hivyo mwaka 2030 utaingia mara mbili, Januari mwanzoni na tena Desemba mwishoni. Mara ya kwanza utagongana na ada, mara ya pili na Krismasi ya jirani. Mimi nimeshaongea na baba watoto.

Ikifika Idi pili usiku, lala. Usioshe vyombo. Watu watakuuliza kama unaunganisha na sita za Mfunguo Mosi, waambie inshallah, lala.

Mwaka jana nililala hivyo, na taa nikazima, na simu. Saa kumi kasoro nilihisi mtu amesimama kando ya kitanda. Wa miaka sita alikuwa ameshavaa kofia, ameshanawa uso, kidevu kinachuruzika.

"Mama, amka," akasema. "Daku."

Ulimi wangu ulikuwa na mengi, na mwezi ulikuwa umeshakwisha, hakuna wa kunizuia. Nikaenda kupasha pilau. Gesi ilikuwepo.